Makoti ya Wabunge wa Ubelgiji

Mwaka 2014 binti yangu alikuwa mbunge wa Ubelgiji kwa mchana mmoja, na koti alilovaa nilimshonea mimi. Kama yupo Mkongomani mwingine aliyewahi kuwashonea Wabelgiji makoti ya kwenda kuamua mambo ya Kongo, ajitokeze tupeane mikono. Mimi bado sijamwona.

Duka langu lilikuwa Malvern, hapa Joburg, kwenye Jules Street, chumba kimoja chembamba kati ya muuza simu na saluni ya kusuka. Nilikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kunikasirisha. Pasi ilishikwa na mzee wa Lubumbashi tuliyemwita Papa. Alisoma kwa mapadri utotoni, kabla ya uhuru, na sijawahi kumwona akinyoosha suruali bila kutoa hotuba. Mlangoni alikaa Mrundi mmoja, fundi viatu, mtu wa maneno machache lakini yote ya uchokozi. Mume wangu alilinda ghala huko Midrand kwa zamu, kwa hiyo mara nyingi tulipishana mlangoni, yeye akiingia na mimi nikitoka.

Ili habari hii ieleweke lazima nirudi 2008. Mwezi wa tano mwaka ule tulifukuzwa na majirani tuliokuwa tukiazimana nao chumvi, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na familia nyingi, watoto katikati na akina mama pembeni. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anajua kusoma. Mitaani watu walisimamishwa na kuonyeshwa kiwiko cha mkono: hiki kinaitwaje kwa Kizulu? Asiyejua alikuwa mgeni, na mgeni alipigwa. Basi mle ukumbini kila mama alifungua shule yake. Watoto walifundishwa kiwiko, goti, kisigino. Mimi nikaongeza somo langu: nje ya mlango huu hakuna Kiswahili, na mtu akikuuliza umetoka wapi, umetoka hapa. Haukuwa uongo, maana amezaliwa hapahapa Joburg. Alilishika somo lile kuliko nilivyotazamia.

Tulihamia La Rochelle, mtaa mwingine wa Joburg, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya nyumba ya watu, na yeye akaanza shule nyingine. Kiswahili alikielewa chote, hata matusi, lakini majibu yalikuja kwa Kiingereza, na akikasirika, kwa Kizulu. Jina la ukoo la baba yake ukilisoma haraka linapita kama la Kivenda, kabila la wenyeji wa hapa, na shuleni walilisoma haraka. Ofisini makaratasi yetu yalikuwepo, ila walimu wa madarasani hawana muda wa kufunua mafaili. Kwa wenzake alikuwa Mvenda, mambo yakaisha hapo. Mimi sikulijua hilo mpaka ilipokuja kazi ya makoti.

Alikuja dukani akitoka shule, mkoba bado mgongoni. Mwalimu wao wa historia, akasema, anatafuta fundi wa kushona makoti manane ya kizamani. "Nimemwambia namjua mmoja, yuko Jules Street."

Alisema kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa lugha yangu.

"Unamujua moya? Unamujuaka wapi, huyo fundi?"

Akatazama sakafu. Ndipo alipoeleza, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miiba: Uvenda wake, wenzake, mwalimu. Kwamba mwalimu akija kunipa kazi, nimpokee kama fundi tu. Kwamba siku ya shughuli wazazi wamealikwa, lakini mimi nije na makoti, si kama mzazi. Na kama inawezekana nisiseme sana, kwa sababu nikifungua mdomo tu nitajulikana.

Niliumia, na mimi nikiumia napiga kelele. Nilipiga kelele mpaka muuza simu akachungulia. Nikamuuliza kama alitoka kwenye tumbo la Mvenda. Papa akaweka pasi chini.

"Mama, acha mutoto. Alikuwa aliambiwa ajifiche. Sasa amejificha, unalia nini?"

Nikamwambia Papa aangalie suruali za watu zisiungue. Lakini alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Nikakubali. Fundi, fundi. Nitaleta makoti na sitasema neno.

Mwalimu alikuja siku chache baadaye, kijana mpole wa Soweto mwenye mikono ya kuongea. Akanieleza kazi yenyewe kana kwamba mimi sijui Kongo ni nini, na mimi nikamsikiliza kana kwamba sijui. Palikuwa na mfalme wa Ubelgiji, akasema, aliyeimiliki nchi moja ya Afrika peke yake, kama mtu anavyomiliki shamba. Habari za watu waliolazimishwa kugema mpira na mikono iliyokatwa zikasambaa mpaka Ulaya, watu wakaona aibu, na bunge la huko likakaa kubishana: nchi ya Ubelgiji iichukue ile koloni kutoka kwa mfalme wake au isiichukue? Darasa lake lingeigiza ubishi huo. Wanafunzi wanane wangehutubia, na waliobaki wangepiga kura. Aliniachia kitambaa cheusi kingi, akanishukuru, akaondoka. Bitana alisahau.

Binti yangu alipangwa upande wa wanaotaka koloni ichukuliwe. Upande wa pili msemaji mkubwa alikuwa kijana mmoja mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira.

Kuanzia hapo duka langu likageuka bunge. Binti alikuja kila alipotoka shule, anasimama kando ya meza ya kukatia, anasoma hoja zake kutoka kwenye karatasi za mwalimu, na sisi tunamsahihisha. Aliyefurahi kupita wote ni Papa. Mambo yale alikuwa nayo kichwani tangu utoto. Aliacha pasi, akafunga mikono nyuma, akaghani kwa Kifaransa kama mtoto wa shule: kwamba Mbelgiji alikuja kutuamsha, kwamba kabla yake palikuwa na giza, kwamba alituletea sabuni, viatu na Mungu, na kwamba tulipaswa kusema asante. Hakukosea hata neno moja.

"Papa, unaamini hayo?" nikamuuliza.

"Kuamini ni kintu ingine, mama. Ukikosa neno moya, fimbo."

Binti akaandika haraka haraka. Alimwomba arudie ile ya giza.

Mrundi, mlangoni, na sindano yake ndani ya kiatu cha mtu, hakutaka kubaki nyuma. "Nyinyi mnajisifu bure," akasema. "Angalau juu yenu walikaa, wakabishana, wakavaa makoti. Sisi Burundi, Mjerumani kashindwa vita, Mbelgiji kapewa sisi kama chenji ya dukani. Hata kubishaniwa hatukubishaniwa!" Tulicheka mpaka machozi. Papa alimpa pole rasmi kwa niaba ya Kongo nzima.

Lakini niliposikia zile hoja mara nyingi, kicheko kilianza kunikauka. Wale waliotaka koloni walizungumza bendera: sisi ni nchi ndogo, tukiwa na Kongo tutaheshimiwa na wakubwa. Kisha wanasema wale watu ni kama watoto, bila sisi watapotea. Waliokataa walizungumza mfuko: maskini wetu kwanza, kodi yetu isiende kwa washenzi. Na wale waliosikitikia mikono iliyokatwa, hao nao walikuwa wanapanga tu tuwekwe wapi, kama watu wanaojadili mbuzi wa jirani aliyevunjika mguu. Nilitafuta kati yao wa kumpenda, sikumpata.

Na yote nilikuwa nimeshayasikia. Redio ya dukani ilikuwa inayasema kwa Kiingereza cha Joburg karibu kila wiki. Anapiga simu mmoja, anasema wageni warudi kwao, kazi ni za wenye nchi. Anapiga mwingine, mpole, anasema waacheni, ni wachapakazi, hawalalamiki, huyu wa kwangu wa bustani ana adabu sana. Yule wa kwanza nilimjibu kwa tusi nikaendelea kushona. Yule mpole ndiye aliyenifanya nizime redio. Alikuwa ananitetea kwa maneno ya kumsifia punda.

Siku moja binti aliacha kusoma katikati ya sentensi. "Mama, upande wetu ni upi hapa?"

"Haupo," nikamwambia. "Mule ndani hatukukuwa na kiti."

Akafikiri kidogo. Akasema, kwa Kiingereza chake kile cha haraka, kwamba basi hana budi kushinda na upande aliopewa. Nilimpima mabega upya, alikuwa ameongezeka tangu Krismasi.

Makoti yalikuwa marefu, ya kufika magotini, kola pana, kiuno kimebanwa. Kushona koti lisilo na bitana siwezi. Kwetu Bukavu koti bila bitana ni gunia lenye mikono. Na fundi wa kwetu hanunui bitana wakati ana mabaki ya vitenge yamejaa kwenye mfuko. Nje ni kwa ajili ya watu, ndani ni kwa ajili ya mwenye nguo. Nilikuwa na mabaki mengi ya sare ya kwaya moja, kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu. Kikatosha makoti yote manane. Niliyakata, nikayashona, Papa akayanyoosha, Mrundi akasaidia kuyatundika. Tulikuwa watu wazima watatu, sote tulijua kwamba mtoto anataka kujificha, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kitenge kingeweza kumtaja. Kwetu ile ilikuwa bitana tu.

Siku yenyewe nilifika shuleni na makoti mikononi, pini na sindano yenye uzi zimechomekwa kwenye kola yangu. Nyuma ya jukwaa niliwavalisha mmoja mmoja, namshikia koti, anaingiza mikono, navuta mabega. Watoto walifurahi, wakashukuru. "Sharp, Mama! Enkosi, Mama!" Neno Mama pale halina uzito wowote, kila mwanamke mtu mzima ni Mama, awe muuza mahindi au mke wa waziri. Yule mrefu alifunua koti lake, akatazama ndege, akasema, "Eish, hii ni nguo ya makwerekwere." Neno hilo la kutudharau sisi wageni alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema hii ni pamba, hii ni sufu. Binti yangu alivaa la kwake mwenyewe, hakungoja nimshikie, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Hakunitazama.

Wazazi walikaa mbele. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, pale wanaposimama wapishi na madereva.

Bunge likaanza. Mwalimu alikuwa Spika, na kengele ndogo mkononi. Walizungumza vizuri wale watoto, nisiseme uongo. Yule mrefu alipopanda, ukumbi ulikuwa wake tangu neno la kwanza. Alianza kwa karatasi: Ubelgiji ni ya Wabelgiji, maskini wetu wana njaa. Kisha akaiacha karatasi. Tukiwachukua wale watu, akasema, kesho watatufuata huku. Watafungua viduka vya spaza kila kona. Watasuka nywele za wake zetu. Watauza nyanya mbele ya kanisa la mfalme. Watu wakacheka, na kadiri walivyocheka ndivyo alivyonoga.

"Kwani hamjui?" akapaza sauti. "Wameshaingia!" Akamrukia binti yangu aliyekuwa ameketi kando yake, akalishika koti lake kwa kola na kulifunua. Kifungo kimoja kikaruka. Ndege wa buluu wakaonekana na ukumbi wote. "Wameingia mpaka ndani ya nguo zetu! Na yule pale nyuma ndiye aliyewaingiza!"

Akaninyooshea kidole. Vichwa vyote vikageuka. Walicheka wanafunzi, wakacheka na wazazi, wengine kwa wema kabisa, kama kunikaribisha kwenye utani. Na mimi nikacheka. Watu wengi wakikugeukia hivyo, uso unacheka wenyewe kabla hujaamua. Yule mrefu mwenyewe koti lake lilikuwa wazi, ndege wanamning'inia kiunoni, wala hakuwaona. Nilitamani kuyavua makoti yangu yote, moja moja, kutoka kwenye migongo yao.

Spika akagonga kengele. Zamu ya binti yangu.

Kwanza aliinama, akaokota kifungo, akakitia mfukoni. Halafu akaanza hotuba yake, ile tuliyoifanyia mazoezi. Bendera. Nchi ndogo, heshima kubwa. Giza la Papa. Wale watu, akasema, wana nguvu, ni wachapakazi, hawalalamiki, wanachohitaji ni mlezi mwema. Sauti ilikuwa nzuri, nyoofu, na kila neno lilinifikia pale mlangoni. Alipofika kwenye "ni kama watoto" aliinua macho, akanikuta juu ya vichwa vya watu.

Akanyamaza.

Niliomba amalize. Nasema kama nilivyohisi: sikutaka ushujaa wowote mchana ule. Nilitaka aseme yaliyobaki, ashinde, anipe koti nilikunje, turudi La Rochelle kila mtu na njia yake.

"Mheshimiwa Spika," akasema kwa Kiingereza. "Mwenzangu ametuonyesha kwamba mmoja wao yumo humu. Kabla hatujapiga kura, naomba aulizwe."

Mwalimu alisita. Nilimwona akinitazama, akimtazama yeye, akiishika kengele bila kuigonga. Binti yangu hakungoja. Alifungua vifungo vilivyobaki, akashika kiuno, koti likafunuka pande zote mbili, akaniita kutoka kule jukwaani.

"Mama, weye unasema je?"

Kiswahili. Kiswahili chake kibovu, kimelala kwenye meza ya kukatia miaka yote ile bila kutumika, na mkazo wa Kizulu juu yake. Tangu ukumbi ule wa kanisa sikuwahi kumsikia akikitamka, hata ndani ya mlango wetu. Rafiki zake waliokuwa mstari wa mbele walimtazama vinywa wazi. Hakuna aliyecheka.

Nilikuwa na maneno. Kwa wiki nzima dukani nilikuwa nimewajibu Wabelgiji wote, wa bendera na wa mfuko na wa huruma, nimewajibu mpaka Papa akaniambia nipumzike. Yote yakanikimbia. Likabaki moja tu, nikalisema kwa sauti ninayotumia kumwita mtu ng'ambo ya barabara.

"Ubaambie kwanza miye ni nani."

Aliweza kutafsiri chochote alichotaka. Angesema fundi anashukuru kwa kualikwa. Angesema fundi hana maoni. Mle ndani hapakuwa na mtu wa kumbishia, na mimi nisingemsahihisha, nilikuwa nimemwahidi. Alisimama pale na mikono kiunoni.

Akamgeukia Spika. Alisema kwa Kiingereza, halafu akarudia kwa Kizulu, polepole, kwa ajili ya akina bibi waliokaa mbele na wazazi.

"Anasema niwaambie yeye ni nani. Ni mama yangu. Amenizaa. Ametoka huko mnakotaka kupigia kura, na mimi ni wa kwake."

Kisha akashuka jukwaani. Hakungoja kengele. Alipita katikati ya viti, koti linapepea, mpaka nilipokuwa nimesimama, akajiegemeza ukutani kando yangu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia kutoka Malvern.

Mwalimu akafuta uso kwa kiganja. Akasema bunge lazima lifikie uamuzi, ndivyo ilivyokuwa kwenye historia. Wakapiga kura. Yule mrefu aliinua mkono taratibu, akiangalia viatu vyake. Kura zikahesabiwa na Ubelgiji ikaichukua Kongo, kama ilivyoichukua kweli, bila kumuuliza mtu.

Sisi hatukuangalia. Binti yangu alikuwa ametoa kile kifungo mfukoni na kunipa. Nilivuta sindano na uzi kwenye kola yangu, nikalishika koti lake kifuani, nikaanza kukirudisha mahali pake. Alikuwa hatulii.

"Simama muzuri, nitakuchoma," nikamwambia kwa Kiswahili, na sikupunguza sauti.